Rafu ya Mahusiano

Sabiha binti Mwinyijuma alichoka kabla hata hajaingia maktaba. Jumamosi hiyo aliamka mapema, akafua, akachemsha chai ambayo mumewe aliinywa bila kusema neno, kisha akatoka Pongwe kushuka Tanga mjini, mkoba wa makaratasi begani na kichwa kizito kama cha mtu aliyelala na homa. Wanawake aliosoma nao zamani, siku kama hiyo walikuwa wakienda harusini. Yeye alikuwa akienda kutafuta makala.

Alikuwa mwalimu wa historia na uraia katika sekondari, na kwa miaka sasa alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa katika chuo kimoja pale mjini, jioni na mwisho wa juma, kwa nguvu zilizobaki baada ya kazi. Sura ya pili ya tasnifu yake, ile ya kupitia yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ilikuwa imerudishwa mara mbili. Msimamizi wake, Daktari Ayubu, alikuwa mtu mpole anayekuangusha huku akikuomba radhi.

"Bi Sabiha," alimwambia mara ya mwisho, "hapa umenipa magazeti. Hapa umenipa maoni ya mtu wa mtandaoni ambaye wala hatumjui. Mimi nataka majarida ya kitaaluma. Makala ambazo wataalamu wengine wamezisoma, wakazibishia, wakazipitisha. Bila hizo, hata ukisema kweli hakuna atakayekuamini."

Akampa mpaka Jumatatu hii inayokuja. Akirudishwa tena, chuo kingemfuta jina.

Nyumbani nako kulikuwa na hukumu yake. Nasri, mumewe, fundi wa majokofu, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini usiku wa sura kurudishwa mara ya pili aliyasema yaliyomjaa. "Ukirudishwa tena, Sabiha, basi, uache. Mimi nimechoka kuishi na mgongo."

Hakuwa akitukana. Meza ya kusomea ilikuwa imeelekea ukutani kwa sababu soketi pekee ya sebule ilikuwa ukuta ule, na kompyuta ya Sabiha ilishakufa betri, haiwaki mpaka ichomekwe. Kila jioni Nasri alirudi kazini, akala, akakaa kwenye kochi akitazama kisogo cha mkewe mpaka usingizi umchukue. Akiuliza jambo, alijibiwa na kisogo. Sabiha aliona ana haki ya kusema vile, na kwa kuwa alikuwa amechoka kubishana, alisema sawa.

Kitu alichokuwa akikiandika hakikuwa cha kuokota barabarani. Alizaliwa Tongoni, lakini ndugu wa mama yake walikuwa Moa, na wengine Vanga, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Utotoni aliwaona wajomba zake wavuvi wakigombana na askari wa huku, wakikimbia askari wa kule, kisha wakioana, wakizikana, bila kujali kama bahari ina mstari. Alitaka kuuliza swali moja tu: inakuwaje nchi mbili zinazoitana ndugu zishindwe kukubaliana juu ya mtu na wavu wake? Alijua wapo waliolijadili swali hilo, la mipaka ya bahari na wavuvi wadogo, katika sehemu nyingine za dunia. Hakujua wameandika wapi.

Alijaribu mtandaoni. Kila makala iliyomfaa ilimwonyesha ukurasa wa kwanza na kumfungia mlango. Chuo kiliwahi kuwa na nywila ya kuingilia hazina za majarida, lakini nywila hiyo ilikuwa imekufa na hakuna aliyejua nani wa kuifufua. Ikabaki maktaba yenyewe, na maktaba yenyewe ilikuwa Anastazia.

Anastazia, mkutubi, alikuwa binti wa kutoka Singida, hajamaliza hata mwaka Tanga, na mwenye adabu iliyopitiliza. "Shikamoo mama," alisema Sabiha alipoingia, akisimama kitini.

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie tena."

"Tena mama?"

"Tena."

Anastazia akaketi, akaandika kwenye kompyuta: uhusiano wa kimataifa. Kompyuta ikafikiri. Vikaja vitabu vilevile vichache vya zamani ambavyo Sabiha alishavisoma hadi majalada yakalegea. Majarida, hakuna. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi Anastazia alisema pole kana kwamba kosa ni lake.

Hapa ni lazima niseme jambo kuhusu Sabiha, kwa sababu bila hilo mambo ya siku ile hayaeleweki. Sabiha alikuwa na ugonjwa wa Kiswahili. Aliurithi kwa baba yake, Maalimu Mwinyijuma, aliyekuwa akifundisha chuo cha Kurani Tongoni na kusikiliza redio kwa lengo moja tu la kuigombeza. Mtangazaji akikosea, mzee aliacha kula. Na katika maneno yote ya redioni, hakuna lililomkera kama mahusiano. "Neno ni uhusiano," alikuwa akisema, akipiga goti. "Mahusiano ni nini? Wametunga watu wa mapenzi." Kweli, kila lilipotajwa redioni ilikuwa usiku, na muziki laini nyuma, na mtu akisimulia alivyoachwa.

Basi Sabiha naye akalikataa. Darasani aliwakata wanafunzi alama kwa ajili yake, wakamwita Mwalimu Uhusiano, naye akalijua jina hilo na akalipenda kidogo. Daktari Ayubu alipoteleza siku moja akasema mahusiano ya kimataifa, Sabiha alikohoa, na daktari mzima akajisahihisha. Hata Nasri. Walikuwa na wageni, jamaa zake Nasri wa Maramba, na Nasri akiwa katika kusimulia kwa raha zake akasema, "Mahusiano yetu na majirani ni mazuri." Sabiha akiwa ameshika birika akasema, "Uhusiano." Wageni wakacheka. Nasri hakumaliza hadithi yake, na kwa kweli ni kama hakuwahi kuanza nyingine tangu hapo.

Na Anastazia alisahihishwa Jumamosi yao ya kwanza kabisa. "Unataka majarida ya mahusiano ya kimataifa, mama?" aliuliza siku ile. "Uhusiano, mwanangu," Sabiha alimjibu. "Andika uhusiano. Hilo lingine waachie wenyewe." Anastazia akaomba radhi, akaandika uhusiano, na tangu siku ile hakumwandikia kinyume.

Hilo lingine, ndani ya maktaba ile, lilikuwa na wenyewe hasa. Mwisho wa chumba, karibu na dirisha, palikuwa na rafu iliyobandikwa kibao cha karatasi: MAHUSIANO. Kulikuwa na vitabu vya ndoa, vya malezi, vya namna ya kumtuliza mume, na chini yake makasha kadhaa ya karatasi ngumu yaliyofungwa kwa gundi, kila moja limeandikwa neno lilelile kwa wino mnene. Wanafunzi walikuwa wakisimama pale wakichekeana. Sabiha alipita mbali na rafu hiyo kama mtu anavyopita mbali na kilabu cha pombe. Mwanamke wa umri wake, ambaye mumewe hamsemeshi, kuonekana amesimama chini ya kibao kile lilikuwa jambo la kutafutiwa maneno mtaani.

Siku hiyo, baada ya kompyuta kumkatalia tena, aliketi meza ya katikati, akafungua makaratasi yake, na hakusoma. Alikuwa akipanga jinsi ya kumwambia Nasri. Alikuwa hata ameshapata sentensi ya kuanzia. Nimeacha, angesema, na kisha angeuliza kama jokofu la yule mama wa Chumbageni, mteja wake, limepona. Alishangaa kwamba hakuona uchungu. Aliona usingizi tu.

Hapo akaingia msichana mmoja aliyevaa pete mpya na kuionyesha kwa kila anachokishika. Alijitambulisha kwa Anastazia kwa jina la Loveness. "Mchungaji katupa kazi mimi na mchumba wangu," alisema. "Tusome kuhusu mahusiano kabla ya kufunga ndoa. Mnavyo?"

Anastazia akaandika neno la Loveness, mahusiano. Kompyuta safari hii ilileta orodha ndefu. "Viko rafu ya mwisho, dada. Vitabu juu, na makasha ya majarida chini."

Loveness akaenda. Akavuta vitabu, akavirudisha, akaona makasha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kazi yake iwe bora kuliko ya wachumba wengine, akabandua gundi ya kasha moja. Kisha akarudi mezani kwa Anastazia na jarida mkononi, uso umekunjamana.

"Dada, haya ni mahusiano gani? Mbona watu wenyewe wanagombania bahari?"

Sabiha aliinua kichwa.

"Bahari gani?" aliuliza kutoka pale alipokuwa.

"Sijui, mama. Hebu ona. Mikataba, mipaka, wavuvi. Hakuna hata neno la ndoa."

Sabiha alisimama na kumwendea. Aliusoma ukurasa wa yaliyomo mara moja, akausoma tena. Akaelekea rafu ya mwisho. Hakutazama nani anamwona. Alipiga magoti chini ya kile kibao, akabandua kasha baada ya kasha, na kila moja lilikuwa limejaa majarida ya uhusiano wa kimataifa, msaada wa chuo fulani cha mbali, safi, hayajaguswa, mengine yamebanana kurasa.

Mambo yalikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Aliyekuwepo kabla ya Anastazia, Wilfred, ambaye sasa amehamia Dodoma, alipokea mzigo ule wakati chuo kilipoamua orodha yote ya maktaba iwe kwa Kiswahili. Hakuwa na subira ya kuingiza jina la kila jarida. Aliingiza neno moja kwa mzigo mzima, neno analolisema kila mtu nchini isipokuwa binti Mwinyijuma. Mtu wa kupanga rafu akaona mahusiano, akayapeleka majarida kwenye rafu ya vitabu vya ndoa.

Anastazia alikuja akasimama nyuma yake, amejishika mdomo. "Mama, nisamehe. Nilikuwa naandika vile ulivyonifundisha."

Alisema kwa upole, bila ubaya wowote, na ndiyo maana lilimwingia. Sabiha aliona Jumamosi zote zile, moja moja, yeye ameketi hatua chache kutoka kwenye kile anachokitafuta, akimzuia mtoto wa watu asimpatie. Alitaka kucheka. Kilichotoka ni kilio, kilio kizima cha mwanamke aliyechoka muda mrefu bila kupata nafasi ya kuchoka, na akaketi sakafuni na jarida mapajani, akalia bila hata kujifunika uso. Loveness, ambaye hakuelewa kitu, alimpapasa mabega.

Zuwena akatokea wakati huohuo. Zuwena, dada yake Nasri, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chuo, na alikuja kuchukua faili lake kwa Anastazia. Alimwona wifi yake sakafuni, analia, amezungukwa na vitabu vya kumtuliza mume, na juu ya kichwa chake kibao. Alirudi kinyumenyume na kufunga mlango taratibu kama wa chumba cha mgonjwa.

Sabiha hakumwona. Alijipangusa, akachambua. Alipata makala juu ya wavuvi wadogo katika bahari zenye ugomvi, juu ya mataifa jirani yanayopendana katika hotuba na kukamatana majini, juu ya jamaa wanaokatwa na mpaka. Nyingine zilibishana, na mabishano hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka Daktari Ayubu. Anastazia alimtolea nakala mpaka mashine ikapata moto.

"Nibadilishe kwenye kompyuta, mama? Niandike uhusiano?"

Sabiha alifikiri. "Yaandike yote mawili, mwanangu," alisema. "Kuna watakaokuja na hilo, na watakaokuja na lile."

Alifika Pongwe alasiri, miguu imevimba. Alikuta mlango uko wazi na harufu ya mchuzi wa papa. Nasri alikuwa jikoni, kanga ya mkewe imefungwa kiunoni, anasonga bada, ugali wa unga wa muhogo. Hakuwahi kusonga bada tangu waoane, na lilionekana: lilikuwa na mabonge. Alilipakua hivyohivyo, akatandika mkeka, akamnawisha Sabiha mikono. Sabiha alimtazama kwa mashaka.

"Kuna msiba?"

"Hakuna." Nasri akaketi. Alikata tonge, akaliacha. "Zuwena kapita hapa."

"Kasemaje?"

"Kasema kakukuta chuoni umekaa chini, kwenye vitabu vya ndoa. Unalia." Alikuwa akiyasema huku anautazama mkeka. "Mimi sikujua, Sabiha. Nilidhani wewe huoni. Nikasema huyu mwanamke yuko na Kenya yake na Tanzania yake, sisi humu ndani si kitu kwake. Kumbe unakwenda kututafutia dawa. Basi soma. Lile neno la uache, nimeliondoa. Soma mpaka umalize."

Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa miaka, na lilikuwa limesimama juu ya kosa. Sabiha alihisi uchovu wote wa siku ukimshukia. Angenyamaza tu. Angekula bada lake lenye mabonge, akubali msamaha uliokuja wenyewe, na kesho aandike. Nani angemlaumu? Lakini alimtazama yule mtu na kanga kiunoni, ameketi akingoja, na hakuweza kumhadaa hivyo.

"Nasri," alisema. "Sikulia kwa ajili yetu. Nililia kwa sababu nimepata makala. Walizichanganya na vitabu vya ndoa."

Akamweleza yote, Wilfred na makasha, na Loveness na pete yake. Nasri alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifungua kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka kando.

"Kumbe hata kilio hakikuwa changu," alisema.

Ukweli alioutoa kwa nia njema ulikuwa umemkata mtu mbele ya chakula alichokipika. Bada likawa linapoa. Alitafuta neno la kumwambia, na kila alilolishika lilikuwa sahihi na halifai. Alikumbuka wageni wa Maramba, na birika, na hadithi iliyokatikia njiani.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Leo nimelilia makala. Ila mahusiano yetu, Nasri, mahusiano yetu mimi na wewe, nayo nimeyaweka mahali nisipokwenda kutazama. Ya kwetu sijayalilia bado. Nimechoka tu. Lakini nayaona."

Nasri aliinua uso.

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Umesema mahusiano."

"Nimesema."

Nasri alimtazama kama anayengoja kile kikohozi chake cha kusahihisha. Kisha akaivuta sahani yake, akachovya tonge kwenye mchuzi, akala. Sabiha naye akala. Bada lilikuwa baya, na wakalimaliza. Katikati ya chakula Nasri alianza kumsimulia habari za jokofu la yule mama wa Chumbageni, alivyolikuta limejaa mende, na alisimulia mpaka mwisho.

Asubuhi ya Jumapili Sabiha aliamshwa na nyundo. Alitoka sebuleni akamkuta Nasri amezima umeme, amepiga magoti na patasi, anachimbua ukuta wa upande wa pili. Waya ulikuwa umelala sakafuni, na soketi ya zamani iling'olewa, imeacha tundu.

"Unafanya nini?"

"Nahamisha soketi. Meza ikae huku. Ukiandika, uniangalie."

Akamaliza kabla ya adhuhuri, wakaibeba meza pamoja. Sabiha aliandika mpaka usiku akitazama sebule, vumbi la plasta likitua juu ya karatasi, na Nasri kwenye kochi akimuuliza kila mara sasa ameandika nini, mpaka kazi ikaenda polepole kuliko ilivyopaswa. Alijua angefika mbali zaidi kama angebaki ameelekea ukutani. Hakumwambia.

Jumatatu aliifikisha sura kwa Daktari Ayubu. Daktari aliipitia akiwa amesimama, kisha akaketi, akaanza kupiga alama ndogo pembeni kwenye orodha ya vyanzo, alama baada ya alama. Alikung'uta vumbi jeupe kwenye ukurasa.

"Sasa hivi ndivyo vyanzo, Bi Sabiha. Hii naipokea." Alivua miwani. "Lakini umevipata wapi? Mimi mwenyewe nimetafuta maktaba ile nikashindwa."

"Viko kwenye mahusiano, daktari," alisema Sabiha.

Daktari Ayubu alisimamisha kalamu hewani, akimngoja ajisahihishe. Sabiha alichukua mkoba wake, akauweka begani. Hakujisahihisha.